Una matoleo matatu ya albamu moja, lipi lina sauti nzuri? Namna ya kupambanisha CD bila kudanganywa na volyumu

Kuna kipindi nilikuwa na CD tatu za Thriller ya Michael Jackson. Moja ya zamani ya miaka ya 80 kava limechubuka, moja ya 2001 imeandikwa Special Edition, na moja ya 2008 ile ya kuadhimisha miaka 25, na mgeni yeyote akiingia kwangu namwekea hiyo ya 2008, sabufa linatikisa vikombe kabatini, natamba kabisa kwamba hii ndio yenyewe hizo nyingine nitagawa. Mpaka siku moja mshkaji wangu ambaye ni fundi wa redio akaja, akasikiliza, hakusema kitu, akaishusha volyumu ya hiyo mpya mpaka ikalingana na ile kuukuu, akaniambia geuka tazama ukutani halafu chagua unayoipenda. Nikachagua ile kuukuu. Akarudia, nikachagua ileile, mara tano. Tangu siku hiyo CD ikiandikwa "remastered" kwenye kava, yaani sauti imetengenezwa upya, siiamini mpaka niipitishe kwenye utaratibu huu nitakaokupa hapa, hauhitaji vifaa vya mamilioni, ni kompyuta, hedifoni za waya na subira.

Kitu kimoja tu tukiweke sawa kabla hatujaanza. CD yenyewe haina sauti yake. Ni namba tu, 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila namba ina biti 16, ndivyo ilivyo tangu CD zianze kuuzwa Japani mwaka 1982 mpaka leo. Kwa hiyo matoleo mawili yakitofautiana sauti, sababu ziko chache: walitumia tepu gani, nani aliifanyia mastaringi (ile kazi ya mwisho ya kuiweka sauti sawa kabla ya kwenda kiwandani), alipandisha au alishusha nini, na aliibana kiasi gani ili isikike kubwa. Plastiki ya bei mbaya au dhahabu juu ya diski haziongezi kitu kama namba zilizomo ni zilezile. Najua hapo nimegusa watu waliolipia dhahabu. Wengi wao wanasikia tofauti kweli, ila mara nyingi ni kwa sababu kampuni iliyotoa dhahabu ilifanya pia mastaringi yake tofauti.

Hatua ya 1: jua umeshika nini

Usiangalie picha ya kava, picha inafanana miaka 40. Toa diski, igeuze upande unaong'aa, iinamishe kwenye mwanga uangalie kile kiduara kidogo cha katikati karibu na tundu, utaona herufi na namba zimechongwa humo. Hizo ndio kitambulisho cha diski. Ziandike zote kama zilivyo, pamoja na namba ya katalogi iliyoko ubavuni mwa kava, halafu nenda Discogs, tovuti yenye orodha ya matoleo ya CD na santuri, utafute toleo lenye namba hizohizo, sio linalofanana, lenye HIZOHIZO. Unaweza kukuta CD mbili zina kava moja, katalogi moja, lakini namba za kwenye kiduara ni tofauti kwa sababu zilitoka viwanda viwili.

Dalili nyingine za haraka: ukikuta kialama chenye neno IFPI na herufi kidogo karibu na hapo, hiyo diski ni ya 1994 au baada yake, maana kabla ya hapo alama hizo hazikuwepo. Ikiandikwa imetengenezwa West Germany basi kwa kawaida ni ya kabla Ujerumani haijaungana. Na zile herufi tatu AAD, ADD, DDD zilizoko nyuma ya kava zinakwambia kurekodi, kuchanganya (kuunganisha vyombo na sauti kuwa wimbo mmoja) na mastaringi vilifanyika kwa analogi au dijitali. Watu wanadhani DDD ndio nzuri kuliko AAD, wapi, rekodi nyingi tamu kuliko zote duniani ni AAD.

Na kama upande wa chini wa diski ni zambarau au kijani badala ya fedha, hiyo imechomwa kwenye kompyuta ya mtu. Zile za mezani Kariakoo nyingi ndio hizo na ndani yake mara nyingi ni MP3 zilizogeuzwa. Pitisha faili lake kwenye programu ya Spek, inayochora sauti kwa rangi kuanzia za chini mpaka za juu, ukiona rangi zimekatika kama kisu kwenye kilohezi 16 na juu yake ni giza tupu, achana nayo, hata usiiingize kwenye mashindano.

Hatua ya 2: hakikisha ni rekodi ileile

Hii watu wengi wanairuka halafu wanabishana usiku kucha. Chukua Catch a Fire ya Bob Marley na wenzake, ya 1973. Albamu tunayoijua sisi wote iliongezewa vitu London baada ya kurekodiwa Jamaika, gitaa la Wayne Perkins, kijana wa Alabama, na vinanda vya John Bundrick aliyeitwa Rabbit. Mwaka 2001 likatoka toleo la CD mbili ambalo diski moja ina ile ya Jamaika kabla ya nyongeza zote hizo. Sasa mtu anaweka Concrete Jungle kutoka diski ile, anaiweka na ya kawaida, anakwambia "hii remaster imefuta gitaa la solo". Haijafuta kitu ndugu yangu, huo ni mchanganyo mwingine, solo halikuwepo toka mwanzo. Ni sawa na kulinganisha pilau la nyama na pilau la njegere halafu unasema mpishi kaiba nyama.

The Beatles nao vilevile, albamu zao nne za kwanza zilipotoka kwenye CD mwaka 1987 zilikuwa za mono (sauti ileile kushoto na kulia), na zilipotoka tena 2009 ukawa na za stereo (kushoto na kulia tofauti) na boksi la mono pembeni. Mono linganisha na mono.

Hatua ya 3: zikopi kwenye kompyuta vizuri

Kubadilisha diski kwenye redio huku unakimbia kurudi kwenye kochi haifai, kumbukumbu ya sauti ni fupi mno, sekunde chache tu ushasahau. Zote ziwe kwenye kompyuta. Laptopu mpya hazina mahali pa kuingiza diski, tafuta ile draivu ya DVD ya nje ya USB. Ifute diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Halafu tumia Exact Audio Copy kama uko Windows au XLD kama una Mac, na uhifadhi kwa FLAC au WAV, faili zisizopunguza kitu kwenye sauti. Sio MP3.

Programu hizi zinasoma diski kwa makini na zinaweza kulinganisha matokeo yako na ya watu wengine duniani wenye diski hiyohiyo kupitia AccurateRip, kwa hiyo unajua kama mkwaruzo umekuharibia kitu. Ila uhondo uko kwenye ile ripoti inayotoka mwisho. Kila wimbo unaandikiwa kilele chake, yaani sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote imefika asilimia ngapi. Chukua ripoti za CD mbili uzipange ubavu kwa ubavu. Kama wimbo wa kwanza ni 87.3 huku na 87.3 kule, wa pili 91.0 na 91.0, wa tatu hivyohivyo mpaka mwisho, basi simama hapohapo, karibu hakika ni mastaringi moja, viwanda tofauti tu, huna cha kulinganisha, nenda kapike chai. Ujanja huu umeniokolea hela nyingi, maana ukikutana na mtu mwenye toleo unalotaka kununua unamwomba ripoti tu.

Mtego mmoja: baadhi ya CD za mwanzoni mwa miaka ya 80 zilitengenezwa sauti za juu zikiwa zimeongezwa makusudi, na redio ya CD inazishusha yenyewe wakati wa kupiga. Ukizikopi kwenye kompyuta na programu isigundue, zinabaki kali, zinachoma masikio, unaanza kuitukana diski bure. Ukihisi toleo la zamani la Japani lina "s" za kukata kama wembe, angalia kwanza ripoti kama imetaja pre-emphasis, na kama ipo programu ya SoX ina amri ya deemph ya kuondoa.

Hatua ya 4: tazama kabla ya kusikiliza

Fungua wimbo mmoja wa kila toleo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, mmoja juu mwingine chini. Ile ya zamani mara nyingi utaona milima na mabonde, vilele vyembamba vinachomoza kama miiba. Ile iliyobanwa utaona tofali, limejaa juu mpaka chini, kichwa kimenyolewa. Thriller zangu zilipangana hivyohivyo kama ngazi, ya 80 ina miiba, ya 2001 imenenepa, ya 2008 imeshiba kabisa. Halafu washa kile kipengele cha kuonyesha clipping, mistari myekundu ikitokea kama mvua ujue vilele vimekatwa na hakuna wa kuvirudisha.

Kuna pia kipimo cha DR kwenye foobar2000, programu ya kupigia muziki kwenye kompyuta, kinakupa namba, kwa mfano 13 kwa hii na 7 kwa ile, kubwa inamaanisha nafasi kati ya sauti ndogo na kubwa ni pana zaidi. Kitumie lakini usikiabudu. Kuna CD ya DR kubwa ambayo bezi haipo na sauti ni nyembamba kama ya simu, na kuna iliyobanwa kidogo ikawa tamu. Namba inakwambia wapi pa kutilia shaka tu.

Hatua ya 5: sawazisha volyumu, hapa ndio penyewe

Kama utaruka hatua zote usiruke hii. Sikio la binadamu likisikia vitu viwili vinavyofanana, kimoja kikiwa kikubwa kidogo, halisemi "hiki kina volyumu", linasema "hiki ni kizuri, kina bezi, kina uhai". Hata desibeli moja inatosha kukulaghai. Na kuna sababu ya kimwili, sauti ikiwa ndogo sikio letu linapoteza bezi na sauti za juu kabisa kuliko linavyopoteza za katikati, kwa hiyo ile iliyo chini inaonekana imepooza hata kama ndio bora. Watengenezaji wanalijua hilo miaka mingi, ndio maana kuanzia miaka ya 90 kila toleo likawa linapigana kuwa kubwa kuliko la jirani, mpaka ilipofika 2008 na Death Magnetic ya Metallica, mashabiki wakagundua nyimbo zilezile zilizowekwa kwenye gemu ya Guitar Hero zilikuwa hazijapondwa kama za kwenye CD yenyewe. Gemu ya watoto imeishinda CD, fikiria.

Namna ya kufanya: kwenye Audacity kata kipande kilekile kwenye kila toleo, sekunde 30 hadi 40, tuseme ubeti wa kwanza mpaka kiitikio. Usipime wimbo mzima kwa kuanzia. Weka kipengele cha Loudness Normalization kwa vipande vyote, kiwango kilekile, ile -23 LUFS (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti) iliyowekwa tayari inatosha. Angalizo, siku zote SHUSHA kile kikubwa, usipandishe kidogo, maana ukipandisha ile ya zamani vile vilele vyake vitagonga dari na utakuwa umefanya dhambi ileile unayoichunguza. Andika umeshusha desibeli ngapi. Baada ya hapo ndio unapandisha volyumu ya mwisho kwa kitasa cha amplifaya au hedifoni, kwa zote pamoja.

Zima kila kitu kinachojifanya kusaidia. Ekwalaiza, surround, kile kitufe cha bezi cha sabufa ambacho najua hujawahi kukizima tangu ununue. Na usitumie bluetooth, tumia waya.

Mara ya kwanza utakapofanya hivi utashangaa. Lile toleo jipya lililokuwa linakurukia usoni linakuwa bapa ghafla, kama mtu anayeongea kwa nguvu umemwambia aongee kawaida ukagundua hakuwa na la maana.

Hatua ya 6: sikiliza wapi

Usisikilize "wimbo". Chagua sehemu ndogo, kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Billie Jean inaanza na dramu peke yake. (Mpiga dramu hapo ni Leon Chancler ambaye kwenye muziki anajulikana kama Ndugu Chancler, ndio, ndugu hilihili letu.) Rudia sekunde hizo chache kabla bezi haijaingia. Kwenye toleo lisilobanwa ule mpigo wa sneya (ile ngoma kali ya dramu) unatoka mbele kama kofi, kisha kimya kidogo, kisha unarudi. Kwenye lililobanwa sneya na kile kinachofuata vinakaa usawa mmoja, kofi limevaa glavu. Bezi ikishaingia sikiliza kama sneya imerudi nyuma. Bruce Swedien aliyechanganya wimbo huo amesimulia kwamba walifanya michanganyo 91 halafu wakaishia kuchukua namba 2, sasa mtu kahangaika hivyo halafu anakuja mwingine anaisukuma yote ukutani, inauma.

Tasa za dramu, zile sahani za chuma, ni kipimo kizuri kuliko vyote. Kwenye So What ya mpiga jazi Miles Davis, pale utangulizi na ile mada ya bezi vinapoisha na Miles anaanza solo lake la tarumbeta, Jimmy Cobb anapiga tasa moja kubwa. Ifuate ile tasa mpaka ife. Inapaswa kuwaka kisha ififie polepole kama mlio wa kengele. Ikiishia njiani au ikitoa "shhh" ya maji maji, mtu kapitisha programu ya kuondoa kelele za tepu na kaondoa na mkia wa tasa humohumo. Ndio maana mimi nikisikia ule mvumo mdogo wa tepu mwanzoni mwa wimbo wa miaka ya 50 nafurahi, maana yake hawajaiogesha kwa sabuni kali.

Vingine pitia haraka: "s" na "sh" za mwimbaji, mwisho wa wimbo unapofifia kama kuna pumzi ya chumba, na kama vyombo viko upande wao wa kawaida, maana kushoto na kulia huwa vinabadilishwa kwa bahati mbaya.

Muziki wetu na wa Kongo una jambo lake. Tepu nyingi za asili zilipotea, kwa hiyo CD zimekopiwa kutoka kwenye santuri. Hilo sio kosa, kosa ni namna. Utasikia sauti inakwaruza kuelekea mwisho wa upande wa santuri, hapo hakuna la kufanya, lakini ukisikia kayamba au maraka zimekuwa butu, zinapotea zinarudi, ujue mashine ya kufuta mikwaruzo imedhani kayamba ni mkwaruzo. Kati ya CD yenye chechechee kidogo na hiyo, mimi nachukua yenye chechechee.

Hatua ya 7: pima spidi

Wengi hawajui hii kabisa. Kind of Blue ya Miles ilirekodiwa kwa siku mbili, Machi 2 na Aprili 22, 1959, kwenye studio ya Columbia ya mtaa wa 30 New York, jengo lililokuwa kanisa. Ile siku ya kwanza mashine kuu ya tepu ilikuwa inakwenda polepole kidogo bila watu kujua. Tepu iliyorekodiwa polepole ukiipiga kwa spidi ya kawaida inakimbia na sauti inapanda, kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza, So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, dunia ilizisikia zikiwa juu ya sauti halisi kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1992 ndio wakatumia tepu ya akiba, iliyorekodiwa wakati uleule kwenye mashine nyingine iliyokuwa sawa, na toleo la 1997 nalo limerekebishwa.

Kupima ni rahisi. Chukua kinanda au gitaa lililofungwa vizuri, So What iko kwenye noti ya D na katikati inapanda nusu hatua. Piga D yako pamoja na bezi ya Paul Chambers, mpiga bezi wa albamu hiyo. Ikikaa, umepata iliyorekebishwa. Ikikukwaruza, D yako ikawa inasikika chini kidogo, umeshika ya zamani. Na hapa ndio nafsi inasumbuka, maana unaweza kuwa na toleo la zamani lenye mguso mtamu wa tasa lakini spidi ina kasoro, na jipya lenye spidi sawa. Mimi kwa albamu hii nachukua spidi sawa, mpiga tarumbeta alipiga noti ile akiwa na sababu.

Hatua ya 8: jifunike macho

Ukishajua ipi ni ipi, ushaharibu. Foobar2000 ina kiongezi cha ABX kinachokubadilishia vipande bila kukuonyesha jina, fanya mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, kubahatisha tu kungekufikisha hapo kama mara 4 kwenye 100, kwa hiyo kuna kitu unakisikia kweli. Ukipatia 8 au 9, unabahatisha, hata kama moyoni ulikuwa na uhakika wa kuapa. Kama huna kompyuta ya kufanya hivyo tumia mtoto wa nyumbani, mpe karatasi aandike anachopiga wewe ukitazama ukutani, mpe na biskuti maana atachoka.

ABX inakwambia tofauti ipo, haikwambii ipi ni nzuri. Hilo fanya siku nyingine ukiwa umepumzika, sikiliza albamu nzima ya kila toleo kwa volyumu iliyosawazishwa, halafu angalia ni ipi iliyokufanya utake kuizima wimbo wa tano. Zilizobanwa zinachosha, kichwa kinakuwa kizito kabla hujajua kwa nini.

Nikimaliza nakata karatasi kidogo naiweka ndani ya kava, nimeandika namba za kwenye kiduara, desibeli nilizoshusha, kitu kimoja nilichokisikia, na alama nilizopata kwenye 16. Kwenye Thriller ya 2008 karatasi yangu inasema tu: wageni.